Gitaa la resoneta: mkono mmoja wa banjo, mwingine wa bluzi

Tangu Beyoncé atoe albamu yake ya kantri mwezi Machi 2024, ubishi juu ya asili ya muziki huo umekuwa ukirudi kila mara. Katikati ya ubishi huo kuna ala moja inayowachanganya wengi: gitaa linalolazwa mapajani, lenye sahani kubwa ya chuma yenye matundu pale tulipozoea kuona tundu la sauti. Wapo wanaoapa kwamba ni gitaa la umeme na sahani ile ni spika. Wapo wanaosema ni gitaa la bluzi, na wapo wanaosema ni la Wazungu wa milimani, la blugrasi. Mmoja ataliita Dobro, mwingine National, mwingine atasema ni gitaa la chuma hata likiwa la mbao tupu.

Karibu kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Njia rahisi ya kuvipanga vipande hivyo ni kuifuata kazi ya mtu mmoja, Josh Graves wa Tennessee, aliyezaliwa 1927 na kufariki 2006. Mkono wake wa kulia ulipiga kama mpiga banjo. Wa kushoto uliimba bluzi. Hilo si pambo la maneno. Ni jambo linaloweza kuonyeshwa uzi kwa uzi, na tutalionyesha, ila kwanza tukubaliane juu ya majina.

Tunazungumzia nini hasa

Resoneta ni gitaa ambalo sauti yake haikuzwi na ubao wa mbele kama ilivyo kwa gitaa la kawaida, bali na koni nyembamba ya alumini iliyofichwa chini ya ile sahani. Nyuzi hupita juu ya daraja, daraja hukaa juu ya koni, na uzi unapotetemeka koni hutetemeka nao na kusukuma hewa. Hakuna waya, betri wala sumaku. Sahani ni kifuniko tu cha kuilinda koni, maana ukiibonyeza kwa kidole gumba inaweza kubaki na kishimo. Anayeiita spika ana sababu, kwa kuwa koni ya spika nayo husukuma hewa vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba huku kinachoisukuma ni uzi wenyewe, si umeme.

Bluzi ni muziki wa Wamarekani Weusi wa majimbo ya Kusini. Alama zake zinazosikika haraka ni mbili. Kwanza, noti ya tatu, ya tano na ya saba za skeli, yaani ngazi ya noti za wimbo, hushushwa, na mara nyingi hukaa mahali ambapo kinanda hakina ufunguo, kati ya noti mbili. Pili, nyimbo nyingi huzunguka katika vipimo 12 vya mapigo manne manne.

Blugrasi ni muziki wa bendi ya nyuzi tupu: banjo ya nyuzi tano, fidla, mandolini, gitaa na besi kubwa ya kusimama, bila ngoma. Wapigaji hupokezana solo, na kasi huwa kubwa. Baba yake ni Bill Monroe wa Kentucky, na sauti tunayoitambua leo kama blugrasi ilikamilika Desemba 1945, Earl Scruggs alipoingia kwenye bendi yake na banjo inayopigwa kwa vidole vitatu. Wengi hudhani ni muziki wa kale wa mababu. Si kweli. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi santuri zake 1928, miaka kumi na saba kabla blugrasi haijapata umbo lake.

Koni ya National na koni ya Dobro

Katika miaka ya 1920 gitaa lilikuwa na tatizo moja kubwa: halisikiki. Kwenye ukumbi uliojaa, tarumbeta na fidla zililimeza. George Beauchamp, mwanamuziki wa majukwaani huko Los Angeles, alimtafuta fundi wa kumtengenezea gitaa lenye kelele zaidi, akampata John Dopyera, mhamiaji kutoka nchi ambayo leo ni Slovakia. Kampuni ya National ikaanzishwa 1927. Gitaa lake la kwanza lilikuwa la chuma na lilibeba koni tatu ndogo, kila moja yenye upana wa karibu sentimita 15, zikiunganishwa na daraja lenye umbo la herufi T. Sauti yake ni laini na inakaa hewani muda mrefu.

Baadaye National wakatoa gitaa la bei nafuu zaidi lenye koni moja ya sentimita 24, ambalo daraja lake hukaa juu ya kidude cha mbao cha duara kilichopachikwa kwenye ncha ya koni. Mafundi hukiita biskuti. Dopyera alipogombana na wenzake na kuondoka, aliungana na ndugu zake wakaanzisha kampuni ya Dobro, jina lililotokana na ukoo wao. Huko koni ikawa moja, kubwa kidogo, karibu sentimita 27, na iligeuzwa. Koni ya biskuti imekaa kama bakuli lililofunikwa. Koni ya Dobro ni bakuli lililosimama wima. Juu ya ukingo wa bakuli hilo hukaa fremu ya alumini yenye miguu minane, nayo huitwa buibui, na katikati ya buibui kuna skrubu inayoifunga na kitovu cha koni. Mtetemo wa nyuzi huingia kwenye koni kupitia miguu yote minane.

Tofauti hiyo ya ufundi ndiyo chanzo cha tofauti ya sauti. Koni ya biskuti hupasuka kwa ukali na kuzimika haraka, ndiyo maana inampendeza mwimbaji wa bluzi anayepiga peke yake na kutaka kila pigo lisikike. Koni ya buibui ina sauti ya puani kidogo, ndefu zaidi, inayoweza kuvutwa kama fidla. Basi mtu akikuambia kelele ya resoneta inatokana na mwili wa chuma, mwambie Dobro nyingi ni za mbao na bado zinatoboa katikati ya bendi. Mwili hubadilisha rangi ya sauti, lakini nguvu inatoka kwenye koni.

Dobro ni chapa ya biashara, mali ya Gibson tangu 1993. Watu wa blugrasi wanaendelea kuita Dobro gitaa lolote la buibui linalolazwa mapajani, kwa mazoea. Hakuna ubaya katika mazungumzo, ila ukienda dukani ni bora uulize ni koni ya aina gani, kwa sababu jina kwenye kichwa cha gitaa halitakuambia yote.

Chuma kilitoka Hawaii

Mtindo wa kuteleza na kipande cha chuma juu ya nyuzi badala ya kuzibana kwa vidole unahusishwa na Joseph Kekuku, kijana wa kisiwa cha Oahu, mwishoni mwa karne ya 19. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya 1915 yaliusambaza muziki wa Hawaii Marekani nzima, na kwa miaka kadhaa gitaa la kulazwa mapajani likawa homa ya nchi. Magitaa ya National na Dobro yalitengenezwa kwanza kwa ajili ya wapigaji hao. Wakati huohuo wanamuziki Weusi wa Kusini walikuwa na namna yao ya kuteleza: kisu, au shingo ya chupa iliyovishwa kidoleni, gitaa likiwa limesimama kama kawaida.

Hapo ndipo njia mbili zilipogawanyika, na hadi leo magitaa yanauzwa kwa njia hizo mbili. Lenye shingo ya duara hushikwa kifuani, mtu anaweza kubana kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) kwa vidole na kuteleza kwa wakati mmoja. Hili ndilo la waimbaji wa bluzi akina Son House na Bukka White, huku Tampa Red akipiga lile la koni tatu. Lenye shingo ya mraba hulazwa mapajani, nyuzi zikiwa zimeinuliwa karibu sentimita moja juu ya shingo, na halibanwi kwa vidole kabisa. Kila noti inatoka kwenye chuma au kwenye uzi ulioachwa wazi.

Upande wa kantri, shingo ya mraba ilibebwa na watu wawili ambao Graves alikua akiwasikia. Cliff Carlisle alimpigia mwimbaji wa kantri Jimmie Rodgers katika rekodi za Louisville mwaka 1931, na yeye mwenyewe aliimba bluzi nyingi. Beecher Kirby, aliyejulikana jukwaani kama Bashful Brother Oswald, alijiunga na bendi ya mwimbaji wa kantri Roy Acuff 1939 na kuifanya Dobro isikike redioni kila wiki.

Ukuta wa wauza santuri

Swali la "hili ni gitaa la nani" lina jibu baya kwa sababu lilipandwa na biashara. Mwaka 1920 kampuni ya santuri ya Okeh ilimrekodi Mamie Smith, mwimbaji Mweusi wa bluzi, santuri zikauzwa sana, na kampuni zikagundua soko la wanunuzi Weusi. Mwaka 1923 kampuni hiyohiyo ilimrekodi mpiga fidla Mzungu Fiddlin' John Carson huko Atlanta, ikagundua soko la Wazungu wa vijijini. Kuanzia hapo kukawa na orodha mbili za mauzo: moja ya Weusi, nyingine ya Wazungu, hata pale ambapo wimbo ulikuwa uleule.

Wanamuziki wenyewe hawakuishi ndani ya orodha hizo. Bill Monroe, baba wa blugrasi, alisema waziwazi kwamba katika ujana wake alipiga kwenye dansi za vijijini pamoja na Arnold Shultz, mpiga gitaa na fidla Mweusi wa Kentucky, na kwamba alichota kwake. Banjo yenyewe ni mjukuu wa ala za Afrika Magharibi zilizovuka bahari na watumwa. Jimmie Rodgers, anayeitwa baba wa kantri, alijenga jina lake juu ya nyimbo za bluzi, na mwaka 1930 alirekodi mmoja wao akisindikizwa na tarumbeta ya Louis Armstrong. Kwa hiyo anayesema blugrasi na bluzi ni damu mbili zilizokuja kuchanganywa baadaye ameanza hesabu upande usio wake. Bluzi ilikuwamo tangu siku ya kwanza. Kilichokuwa kimepungua ni ala ya kuisema kwa sauti yake yote.

Santuri za Rodgers zilifika hadi Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alirekodi huko Kapkatet wasichana wa Kikipsigis wakiimba kwa kusindikizwa na chepkong', ala yao ya nyuzi, wimbo unaomtaja Rodgers kwa jina lililokwisha kugeuzwa kuwa la kwao. Graves na wasichana wale walikuwa wakisikiliza sauti ya mtu mmoja katika pembe mbili za dunia, na kila upande uliijibu kwa ala yake.

Graves anaingia bendini

Burkett Howard Graves alizaliwa Tellico Plains, mashariki mwa Tennessee. Alikuwa na miaka tisa alipokutana na Cliff Carlisle, na tangu hapo hakutaka ala nyingine. Alipenda pia santuri za waimbaji wa bluzi Weusi kama Blind Boy Fuller wa Durham, North Carolina, ambaye naye alipiga National. Alipitia bendi kadhaa za kantri, ikiwemo ya Wilma Lee na Stoney Cooper, na katika safari hizo alijifunza kupiga kwa vidole vitatu moja kwa moja kwa Earl Scruggs.

Mwaka 1955 Scruggs na mwenzake Lester Flatt, waliokuwa wameachana na Monroe tangu 1948, walimwajiri. Walimchukua apige besi. Haukupita muda wakamhamishia kwenye Dobro, na uamuzi huo ulikuwa na faida ya wazi: bendi ya Monroe iliongozwa na mandolini na haikuwa na Dobro, kwa hiyo Flatt na Scruggs wakapata sauti ambayo hakuna aliyeweza kuichanganya na ya bwana wao wa zamani. Graves akapewa jina la jukwaani la Uncle Josh, akawa pia nusu ya wachekeshaji wa bendi pamoja na mpiga besi Jake Tullock. Katika miaka iliyofuata bendi hiyo ilifika Carnegie Hall, Desemba 1962, na wimbo wake wa tamthilia ya televisheni ukashika nafasi ya kwanza katika chati ya kantri mwanzoni mwa 1963. Mamilioni waliosikia Dobro kwa mara ya kwanza ndani ya blugrasi walimsikia Graves.

Mkono wa kulia

Kabla yake, Dobro katika kantri ilikuwa ala ya kulia polepole. Oswald na wenzake walipiga kwa mitelezo mirefu na mitetemo ya haraka ya uzi mmoja, mtindo wa Hawaii, na katika wimbo wa taratibu unapendeza mno. Weka mtelezo huo katika wimbo wa kasi wa blugrasi, unakufa: kabla chuma hakijafika kinakokwenda, kodi imeshabadilika.

Graves alilitatua hilo kwa kuhamishia kwenye Dobro vidole vya banjo. Kidole gumba huvaa piki, yaani kucha ya kupigia, ya plastiki, cha shahada na cha kati huvaa piki za chuma. Vidole hivyo vitatu huzunguka kwa zamu, gumba, shahada, kati, vikitoa noti nane katika kila kipimo. Nane haigawanyiki kwa tatu, na utamu wote umo humo. Mkazo unaangukia noti ya kwanza, ya nne na ya saba, yaani tatu, tatu, mbili. Sikio linasikia mapigo manne ya bendi chini na mikazo mitatu isiyolingana juu yake, na wimbo unaonekana kukimbia mbele wakati kasi haijabadilika.

Hili linawezekana kwa sababu nyuzi za Dobro ya blugrasi hutyuniwa, yaani hukazwa, hadi zitoe kodi nzima ya G. Kuanzia uzi mnene: G, B, D, G, B, D. Ukipiga nyuzi zote bila kugusa chochote, ni G. Chuma kikikaa sawasawa juu ya freti ya 5, yaani waya wa tano wa shingoni, ni C, juu ya freti ya 7 ni D, juu ya freti ya 12 ni G tena. Hizo ndizo kodi tatu zinazobeba blugrasi nyingi na bluzi nyingi. Mkono wa kulia unaweza kuzunguka mfululizo huku chuma kikisimama mahali pamoja, kisha kihame mara moja tu kodi inapobadilika. Kodi ndogo, zile zenye huzuni, ndizo tabu. Huwezi kuzipata kwa chuma kilichonyooka, hivyo mpigaji hugusa nyuzi mbili tu. Kwa mfano, nyuzi mbili za juu kwenye freti ya 5 ni E na G, zinazotosha kulidanganya sikio kwamba limesikia E ndogo.

Mwingine akipiga solo, Graves hakunyamaza. Alizima nyuzi kwa mkono wa kushoto na kuzikata kwa pigo kavu kwenye pigo la pili na la nne, akifanya kazi ambayo katika bendi nyingine ni ya mandolini.

Mkono wa kushoto

Kama angeishia kwenye vidole vya banjo, tungekuwa na banjo yenye sauti ndefu tu. Tofauti ilikuwa upande wa pili, na hapa inafaa kusogea karibu kabisa.

Katika G, noti ya tatu ya skeli ni B. Bluzi inataka B hiyo ishushwe, ila isishushwe hadi mwisho. Kwenye banjo freti inakupa B au B iliyoshushwa nusu, na kupata kilichomo kati ni lazima uuvute uzi kando. Kwenye Dobro uzi wa tatu, ukihesabu kuanzia mwembamba, ni G. B iliyoshushwa ipo freti ya 3 na B kamili ipo freti ya 4. Chuma hakijui freti. Kinaweza kuanzia ya 3, kikapanda taratibu na kusimama njiani, theluthi ya safari au nusu yake, na noti ikabaki pale ikilalamika juu ya kodi ya G iliyo wazi kabisa chini yake. Mara kinapofika freti ya 4, uzi wa pili ulio wazi, ambao nao ni B, unapigwa na kulithibitisha jibu. Swali kwenye uzi mmoja, jibu kwenye uzi wa jirani. Sikiliza solo zake za kasi na utausikia mchezo huo ukirudi tena na tena, kila mara umesimama mahali tofauti kidogo.

Noti nyingine za bluzi zipo hapohapo karibu. Ya saba iliyoshushwa, F, iko freti ya 3 ya uzi wa kwanza na wa nne. Ya tano iliyoshushwa iko freti ya 2 ya uzi wa pili. Kwa hiyo karibu msamiati wote wa bluzi katika G umelala kati ya freti ya 2 na ya 4, umezungukwa na nyuzi wazi ambazo mkono wa kulia unaweza kuzizungusha bila kungoja. Graves hakulazimisha ndoa kati ya mitindo miwili. Alikuta tyuni inayoiruhusu, akaitumia kuliko yeyote kabla yake.

Jambo la tatu halionekani kwenye freti yoyote. Nyuma ya sauti ya Flatt, Graves hakupiga muda wote. Alingoja mstari uishe, kisha akauzibia pengo kwa noti tatu nne zinazojibu alichosema mwimbaji. Kuimba na kuitikiwa na gitaa ni bluzi tangu mizizi yake, na kwangu mimi hapo ndipo alipokuwa mkubwa kuliko hata katika solo zake za mbio.

Baada ya 1969

Flatt na Scruggs walitengana 1969. Flatt alitaka kubaki na mtindo wa zamani. Scruggs alitaka kupiga na wanawe, pamoja na ngoma na ala za umeme. Graves alibaki na Flatt kwanza, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 akahamia kwa Scruggs, ambako hadhira ya vijana wa roki iliipokea bluzi yake bila kuhitaji kuelezwa. Baadaye alirekodi kwa jina lake mwenyewe na kupiga kwa miaka mingi na Kenny Baker, mpiga fidla wa Monroe. Chama cha kimataifa cha blugrasi kilimwingiza katika orodha yake ya mashujaa 1997.

Waliomfuata walichukua kila mmoja kipande chake. Mike Auldridge, ambaye mjomba wake alikuwa amempigia Jimmie Rodgers 1928, alinunua Dobro yake ya kwanza kwa Graves mwenyewe, kisha akaipeleka kwenye upole na usafi wa sauti. Jerry Douglas wa Ohio, aliyemsikia Graves akiwa bado mtoto, aliipeleka hadi kwenye jazi. Kwa anayetaka bluzi ndani ya blugrasi leo, msikilize Rob Ickes akiwa na mpiga gitaa Trey Hensley. Katika albamu yao ya 2019 walimwalika mwanamuziki wa bluzi Taj Mahal, na mchanganyiko unasikika bila kupekuliwa.

Ukitaka kujaribu mwenyewe

Huhitaji resoneta kuanza. Gitaa la kawaida la nyuzi za chuma linatosha, ukiwa na kipande cha chuma kinachovishwa juu ya kizingiti cha shingo ili kuziinua nyuzi hadi karibu milimita 8, na chuma cha kutelezea chenye uzito wa gramu 140 hadi 200 hivi. Chuma chepesi huruka juu ya uzi na kutoa mlio wa kukwaruza.

Usijaribu tyuni kamili ya Dobro kwenye gitaa hilo. Ingekulazimu kuupandisha uzi mnene kutoka E hadi G na unaofuata kutoka A hadi B, na nyuzi za kawaida zitakatika, au mbaya zaidi, shingo itapinda. Shingo ya mraba imetengenezwa kubeba mzigo huo, na nyuzi zake huchaguliwa kwa tyuni hiyo, kuanzia inchi 0.016 kwa uzi mwembamba hadi 0.056 au zaidi kwa mnene. Wewe shusha badala ya kupandisha: uzi wa sita kutoka E hadi D, wa tano kutoka A hadi G, wa kwanza kutoka E hadi D. Nyuzi nne nyembamba sasa ni D, G, B, D, sawasawa na za Graves.

Kosa la kwanza la karibu kila anayetoka kwenye gitaa la kawaida ni kuweka chuma nyuma ya freti, mahali pa kidole. Chuma kinakaa juu ya waya wa freti wenyewe. Uangalie ukiwa umeinamia hapohapo juu, maana ukitazama kwa pembeni utakosea kwa milimita kadhaa na kila noti itakuwa chini au juu. La pili ni kukandamiza. Uzi ukigusa freti utagonga. Uzito wa chuma chenyewe unatosha. La tatu ni kusahau vidole vilivyo nyuma ya chuma. Kidole cha pete na cha mwisho vilale juu ya nyuzi upande wa kichwa cha gitaa, vikifuata chuma kila kinakokwenda, la sivyo nyuzi za upande huo hulia noti zisizotakiwa na kila kitu kinakuwa na ukungu.

Ukibahatika kupata gitaa la buibui la mtumba, lisikilize kabla ya kulipa. Mlio wa kukereketa mara nyingi ni skrubu za kifuniko zilizolegea, na hilo ni jambo dogo. Ukibaki baada ya kuzikaza, huenda mguu mmoja wa buibui haugusi ukingo wa koni, au koni imebonyea, na koni iliyobonyea haitengenezwi, inabadilishwa. Ile skrubu ya katikati ndiyo inayoponza wengi: huikaza kwa nguvu wakidhani wanaongeza sauti. Ikibana sana, koni inazuiwa isitetemeke na sauti inakaukia ndani, ikilegea, inagonga. Nyuzi zikiwa zimetyuniwa, izungushe hadi uhisi imeshika, ongeza robo mzunguko, kisha usikilize.

Halafu kaa na zoezi moja kwa wiki nzima, polepole, pigo moja kwa sekunde. Ncha ya chuma iguse uzi wa tatu peke yake, uzi wa pili na wa kwanza ubaki wazi. Noti ya kwanza, gumba kwenye uzi wa tatu, chuma kikitoka freti ya 3 kwenda ya 4. Ya pili, shahada kwenye uzi wa pili. Ya tatu, kidole cha kati kwenye uzi wa kwanza. Ya nne, gumba tena kwenye uzi wa tatu, lakini safari hii chuma kisimame juu kidogo ya freti ya 3 na kisifike ya 4. Ya tano na ya sita ni uzi wa pili na wa kwanza. Kwa noti ya saba inua chuma moja kwa moja juu, kwa haraka, gumba lipige uzi wa tatu ukiwa wazi. Ukikiinua kivivu uzi utakereketa. Ya nane, kidole cha kati kwenye uzi wa kwanza. Tilia mkazo ya kwanza, ya nne na ya saba, na utaona zote tatu ni za gumba, kwenye uzi uleule wenye bluzi.